Bunduki Rahisi za Karatu na Majuto Yetu

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, wazee wetu wa madarasa ya mwanzo walikaa kivulini wakaanza kuhesabu vitu walivyopata kuviona vikiuzwa kwa bei rahisi Karatu na Oldeani, nao wasivinunue. Mmoja alitaja Landrova, mwingine mashine ya kusaga, mwingine ekari kumi za shamba lenye maji. Lakini kilichozua ubishi mrefu kuliko vyote kilikuwa bunduki. Mzee mmoja alisema kwamba baada ya uwindaji kusimamishwa mwaka 1973 aliletewa bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, pamoja na sanduku la vyombo vya kujazia risasi, kwa bei ambayo hata yeye, mwalimu wa shule ya msingi, angaliweza kuilipa kwa mafungu. Akakataa. "Leo," alisema, "bunduki kama ile huko Ulaya ni bei ya nyumba." Wenzake wakatikisa vichwa.

Mimi nilikuwa kijana kati yao, ingawa nina miaka zaidi ya arobaini, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini maneno yale yaliniingia, kwa kuwa marehemu baba yangu naye alikuwa na majuto ya namna hiyo hiyo mpaka anafariki. Ndipo nikaona inafaa niandike kidogo katika gazeti letu hili juu ya historia ya bunduki zilizouzwa rahisi katika nchi yetu ya Karatu na Ngorongoro. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Ni vema basi tumjue na babu yake.

Biashara ya Unguja

Tuanze mbali kidogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalibadili silaha mara mbili au tatu katika muda wa miaka michache. Yaliacha bunduki za kushindiliwa kwa mbele, yakachukua za kutilia risasi kwa nyuma. Kisha yakaacha hizo za risasi moja moja, yakachukua za risasi nyingi. Kila yalipobadili, maelfu kwa maelfu ya bunduki za zamani zilibaki katika maghala, na wafanya biashara wakazinunua karibu na bure. Soko lao kubwa moja lilikuwa pwani yetu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza huko Unguja alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Zilipanda bara pamoja na misafara, zikabadilishwa kwa pembe na kwa watu.

Mtu wa bara aliyepata bunduki kwa pembe moja alijiona amepata rahisi. Hakujua kwamba ilikuwa rahisi kwa sababu mwenyewe wa kwanza alikwisha kupata iliyo bora zaidi. Miaka michache baadaye wale wa kwanza walikuja na hiyo iliyo bora, na mwenye gobore akasimama mbele ya bunduki ya mzinga. Matokeo tunayajua.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa ulizuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachwa zipite ni gumegume na aina nyingine za zamani. Tangu hapo, katika enzi ya Mjerumani na ya Mwingereza pia, Mwafrika aliyepewa kibali cha silaha kwa kawaida alipewa cha gobore. Na hapa tukumbuke jambo moja: mwenye gobore hujaza kila risasi kwa mkono wake. Hupima baruti, hushindilia, hutia chuma, huweka fataki. Kwa hiyo kazi hii ya kujaza risasi nyumbani, ambayo wazee wetu waliitaja kama ufundi wa Wazungu, babu zetu waliijua. Tofauti ni kwamba Mzungu aliifanya juu ya ganda la shaba, na kwa mizani.

Kreta na mtengenezaji wa bunduki

Wengi wetu tumeshuka Kreta ya Ngorongoro tukiwa wanafunzi, tumeona nyumbu na vifaru, tukarudi. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza chini kule palikuwa na mashamba ya ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf. Walifuga ng'ombe, wakajaribu kuwafukuza nyumbu watoke kabisa ndani ya kreta, na wakafanya karamu za kuwinda kwa ajili ya wageni wao. Magofu ya nyumba ya mmoja wao yapo karibu na mto Munge.

Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani katika koloni hili walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871, iliyotoa moshi mweupe wa kumwonyesha adui mahali pa mpigaji. Koloni lilipewa masalio ya Berlin, kama vile pwani ilivyopewa masalio ya Ulaya nzima. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka kaskazini, na baada ya vita mali za Wajerumani zikawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui, zikauzwa kwa minada. Katika miaka ya 1920 mashamba ya Siedentopf yakawa mikononi mwa Sir Charles Ross wa Scotland.

Bwana huyu anastahili kutajwa katika makala hii kuliko mtu mwingine ye yote aliyepata kukaa Ngorongoro, kwa kuwa alikuwa mtengenezaji wa bunduki. Bunduki ya Ross ilikuwa na komeo la kuvutwa moja kwa moja bila kupindwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Kanada liliichagua. Katika mashindano ya kulenga shabaha ilisifiwa sana. Lakini mwaka 1915, huko Ypres katika nchi ya Ubelgiji, askari wa Kanada waliona komeo likikwama kwa matope na kwa joto, wakawa wanalipiga kwa buti ili lifunguke, na wengine wakaitupa na kuokota bunduki za Waingereza waliokufa. Mwaka 1916 iliondolewa mstari wa mbele, na mwaka 1917 serikali ya Kanada ikakitwaa kiwanda chenyewe. Wawindaji nao walikuwa na habari zake. Mwaka 1911 George Grey, ndugu yake Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alijeruhiwa na simba katika mbuga za Athi nchini Kenya akiwa na bunduki ya Ross, akafa. Risasi yake ilikwenda mbio sana, lakini ilikuwa nyepesi kwa simba anayekuja.

Baada ya hapo bunduki za Ross za jeshi ziliuzwa rahisi. Hapana shaka wako walionunua wakafurahi, na wako waliokosa wakajuta. Mwenyewe akawa bwana wa shamba kreta, mahali ambapo sheria zilizidi kubana mwaka hata mwaka. Sheria ya mwaka 1921 ilitaka kila mwindaji awe na kibali, na mwaka 1928 uwindaji ukakatazwa ndani ya kreta yote isipokuwa katika yale mashamba ya zamani ya Siedentopf. Mwaka 1959 Ngorongoro ikawa Eneo la Hifadhi mbali na Serengeti, na mwaka 1979 ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Oldeani, Septemba 1939

Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na mwishoni mwa miaka ile wengine walipanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani na Karatu. Shamba tunaloliita la Gibb, kwa mfano, lilianzishwa na Wajerumani mwaka 1929. James Gibb, Mwingereza, alilinunua mwaka 1948.

Bunduki ya wakulima hawa mara nyingi ilikuwa Mauser ya milimita 9.3, ambayo risasi yake ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa kuwafikiria hasa watu waliokuwa makoloni. Haikuwa na urembo. Ilikuwa bunduki ya mtu mmoja aangaliaye shamba, mwenye nyati upande wa msitu na nguruwe mwitu upande wa mahindi, asiye na fedha za kununua ile ya mitutu miwili ya mabwana wa London. Na kwa kuwa risasi zilitoka mbali kwa meli na gari moshi, mkulima mwenye akili aliokota maganda yake, akayasafisha, akatoa fataki iliyokwisha lipuka akatia mpya, akapima baruti, akabana kichwa kipya cha risasi kwa mashine ndogo ya mkono iliyofungwa kwenye meza.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939 Wajerumani wa Oldeani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mali zao zikaingia tena chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Kwa mara ya pili katika maisha ya mtu mmoja, vitu vya Wajerumani katika wilaya ile, wakati ule ikiwa bado Mbulu, vilitafuta mwenyewe mpya. Wairaqw waliofanya kazi katika mashamba yale waliona yote kwa macho. Lakini kwa upande wa bunduki hawakukosa bahati, kwa kuwa mlango haukuwa wazi kwao tangu awali.

Mwaka 1973

Mlango ulifunguka baada ya Uhuru. Sasa mwananchi angeweza kuomba leseni polisi kama mtu mwingine, na ndiyo maana majuto ya wazee wetu ni ya miaka ya 1970 wala si ya 1939. Yalitokea mambo mawili karibu kwa wakati mmoja.

La kwanza ni la hapa nyumbani. Septemba 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji nchini kote. Makampuni ya kuwindisha wageni yalifungwa, na wawindaji wa Kizungu wakaondoka. Mwaka 1974 ilitungwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, na likaanzishwa shirika la TAWICO, ambalo ndilo lililosimamia uwindaji ulipofunguliwa tena mwaka 1978. Kenya nayo ikapiga marufuku uwindaji Mei 1977. Kwa hiyo mwindaji hakuwa na mahali pa kukimbilia karibu, na bunduki yake haikuwa na kazi.

La pili ni la mbali, na wazee wetu hawakulijua. Bunduki za mitutu miwili za Kiingereza zilitumia risasi kubwa ambazo hazikutengenezwa kila mahali. Kampuni ya Kynoch ya Uingereza ndiyo iliyokuwa mama yao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 Kynoch ilikuwa imeacha kuzitengeneza. Bunduki iliyofanywa kwa mikono mwaka mzima na mafundi wa London ikawa kama taa ya mafuta katika nchi isiyo na mafuta. Ndipo bei zikaanguka, Karatu na Nairobi na hata London kwenyewe. Aliyeweza kuitumia ni yule tu mwenye maganda yake, kalibu zake, mizani na mashine ya kujazia. Kwa maneno mengine, katika ile rahisi aliyoletewa mzee wetu, bunduki ilikuwa ganda tupu, na sanduku ndilo lililokuwa na roho yake.

Baadaye mambo yaligeuka. Katika miaka ya 1980 Wamarekani walianza kufua tena maganda ya namna hiyo, na mwaka 1989 kampuni ya Federal ikaanza kutengeneza risasi za .470. Bunduki zilizolala zikaamka, na bei zikapanda mpaka zikafika hizo za nyumba. Mzee wetu hakusema uongo. Lakini kati ya 1973 na 1989 ni miaka 16, na katika miaka hiyo mwenye bunduki alipaswa kulipia leseni kila mwaka kwa silaha isiyopiga. Tena mwaka 1989 ndio wa Operesheni Uhai, jeshi na polisi na mabwana nyama walipoingia vijijini kuwasaka majangili na kukusanya silaha. Aliyenunua rahisi bila karatasi alijuta zaidi ya aliyekosa.

Sanduku la baba

Sasa nieleze ya baba yangu. Alikuwa karani katika shamba moja la kahawa huko Oldeani. Mwishoni mwa mwaka 1973 mwindaji mmoja aliyekuwa akifunga virago alimwuliza kama angependa kununua Mauser yake ya 9.3 kwa thamani ya madume mawili ya ng'ombe. Baba aliomba wiki moja ya kufikiri na kuuliza habari za leseni. Siku ya nne bunduki ilikwisha kwenda kwa mtu mwingine. Yule mwindaji akamwambia, basi chukua sanduku hili la vyombo vya kujazia, nipe cho chote. Baba akajibu, sanduku bila bunduki ni la nini? Akaliacha.

Majuto yake hayakuwa ya fedha. Shamba letu liko upande wa msitu wa nyanda za juu, na ninyi mliokulia huko mnajua tembo akishuka usiku wakati mahindi yamekomaa. Watu hupiga madebe, huwasha moto, humulika tochi, humwita bwana nyama ambaye naye ana vijiji vingi. Kila msimu tulipoamka na kukuta mistari ya mahindi imelala, baba alikaa juu ya kigogo akasema, "Laiti ningelinunua ile ya Mjerumani." Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba umaskini wetu wote ulitokana na siku zile nne.

Nilipokua nikaanza kuuliza. Je, angalipata leseni? Labda. Angalipata risasi za 9.3 miaka ile ambapo hata sabuni ilipangiwa foleni? Sidhani. Angaliruhusiwa kumpiga tembo kwa sababu ya mahindi? Bila idhini ya Serikali, hapana. Nilimweleza hayo siku moja nikiwa likizo kutoka Chuo Kikuu, nikidhani ninamfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, unayosema ni kweli. Lakini usiku ule tembo wanapoingia, mwanamume hupenda kuwa na kitu mkononi." Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Miaka mingi baadaye nililiona lile sanduku, au mabaki yake. Lilikuwa kwa fundi baiskeli mjini Karatu. Mashine ya kujazia, chuma kizuri kisicho na kutu, ilikuwa imefungwa kwenye benchi lake, naye akiitumia kusukumia pini za pedeli. Kalibu zilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mizani walichezea watoto mpaka ikavunjika. Nikamwuliza kama ndani hamkuwa na kitu kingine. "Palikuwa na daftari nene," alisema. "Limeandikwa Kizungu, kila ukurasa tarehe na hesabu. Mzee wangu alisokotea tumbaku."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojuta mimi. Mtu anayejaza risasi zake huandika, kwa kuwa baruti ikizidi inaweza kumpasukia usoni. Huandika siku, kipimo, na mara nyingi huandika pia alipiga nini na wapi. Daftari lile yawezekana lilikuwa habari ya miaka mingi ya mashamba, ya wanyama, na pengine ya watu waliobeba mizigo na kufuata nyayo, ambao majina yao hayamo katika kitabu cho chote. Lilitolewa kwa "nipe cho chote", na sote tukalipita tukiangalia bunduki.

Neno la mwisho

Nikiyakusanya haya yote naona jambo moja. Bunduki haikuwa rahisi hata mara moja bila sababu. Ilikuwa rahisi Unguja kwa kuwa Ulaya ilikuwa na mpya; rahisi baada ya 1916 na 1939 kwa kuwa mwenyewe alishindwa au alifungwa; rahisi mwaka 1973 kwa kuwa sheria ilibadilika na risasi zilikwisha. Bei ikianguka ghafla, ujue zama fulani zimekufa, na kinachouzwa ni mali ya marehemu. Katika mali ya marehemu, mwenye busara huulizia nyaraka kabla ya kugombea koti.

Bunduki zenyewe tuziache kwa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi, na aliyeachiwa na babu silaha isiyo na leseni aipeleke polisi asije akajutia mengine. Ninachowaombeni ni vile vitu ambavyo mpaka leo havina bei: barua, leseni za zamani, risiti za mashamba, picha, madaftari ya makarani, na maneno ya wazee wenyewe maadamu wako hai. Tukikutana tena, kila mmoja aje na kimoja, na katibu wetu aviandike. Wale wazee waliokaa kivulini ndio wawe wa kwanza kuhojiwa, kabla ubishi wao haujatuacha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatu tumekwisha kupoteza mali na daftari pamoja.